Nilimsafisha Mwanangu Mpaka Akaugua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uisome barua hii hadi mwisho bila kuitupa pembeni, maana hata mimi mwenyewe nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana. Nina miaka ishirini na saba, nimesoma hadi kidato cha nne, nimeolewa na fundi wa majokofu, na tuna mtoto mmoja wa kiume mwenye miezi minne. Majirani walimpa jina la Kibonge kwa sababu alizaliwa na kilo tatu na gramu mia nane, na mashavu kama ya mpiga tarumbeta. Siku hizi hakuna anayemwita hivyo. Wakimwona wananiuliza, "Mtoto hajambo?" kisha wanatazama kwingine.

Mimi ni msafishaji katika kiwanda cha kufungasha nyama. Kazi yetu ina utaratibu wake: meza ya chuma unaikwangua, unaimwagia maji ya moto, unaisugua kwa sabuni, unaisuuza, unaipulizia dawa ya kuua vijidudu, unasubiri dakika kumi, halafu unakwenda kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni na kuandika tarehe, saa na sahihi yako. Msimamizi wetu ana msemo wake, "Kisichoandikwa hakikufanyika," na msemo huo ulinipata nikiwa tayari ni mtu wa kuandika, kwani tangu shule naweka daftari la siku zangu, na tangu Kibonge azaliwe nimeandika kila alichonyonya, kila alichotapika, kila nepi ilivyokuwa na rangi yake. Kwa hiyo haya ninayokueleza sikuyabahatisha, nimeyanakili.

Likizo ya uzazi iliisha, nikarudi kazini Jumatatu tarehe 2 Juni. Mtoto alikuwa na kilo sita na gramu mia saba. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi tangu nilipojifungua, na yeye ndiye alikuwa akibaki naye, akimpa maziwa yangu niliyoyakamua, kwa kikombe na kijiko. Tarehe 4 mtu wa maabara wa kiwandani, ambaye tunamwita Bwana Pamba kwa sababu hutembea na vijiti vya pamba akipangusa meza zetu na viganja vyetu kuona kama ni safi, alituita akatuonyesha kisahani chenye kifuniko, ndani yake kumeota vidoa vingi vya manjano na vyeupe kama ukungu wa mkate. Akasema, "Hawa wametoka kwenye kiganja cha mmoja wenu, simtaji." Wenzangu wakacheka wakasukumana, mmoja akasema, "Basi tumpikie na chai, maana ana familia kubwa." Mimi sikucheka. Nilitazama viganja vyangu nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilimbeba mtoto.

Jioni hiyo nilitoka kazini na dawa kidogo ya kusafishia meza, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Nilijua vipimo vyake, vimebandikwa ukutani, kizibo kimoja kwa lita tano. Nikaanza kupangusa matiti yangu kwa kitambaa chenye dawa hiyo kila kabla ya kunyonyesha na kila kabla ya kukamua, nikisubiri dakika kumi kama kazini, nikiandika saa. Mikono ya mtoto niliipangusa pia. Nikakataza wageni wasimbusu. Mshauri, niliona fahari. Niliona kwamba sasa mwanangu ana mama aliyesoma.

Tarehe 9 akaanza kulikataa titi. Analishika, analiachia, anakunja uso, analia akivuta miguu tumboni, na tumbo lenyewe limejaa gesi, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Choo kikawa cha kijani chenye mapovu. Nikajiambia kwamba kuna vijidudu vimepita mahali ambapo sikupangusa. Tarehe 13 nikamwomba jirani yangu fundi cherehani ile dawa ya maji ya antibiotiki iliyobaki mtoto wake alipougua kifua, nikampa Kibonge siku tatu, kijiko kidogo asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alilia kidogo kuliko jana yake, nikaamini nimepatia. Tarehe 17 aliharisha mara saba. Tarehe 20 nikaenda duka la dawa la mbali, ambako hawanijui, nikanunua chupa mpya nikisema ni ya mtoto wa miaka miwili, nikampa tena. Sikumwambia mtu. Dawa hizo niliziandika kurasa za nyuma za daftari, mbali na mambo mengine, kwa sababu kuacha kabisa kuandika siwezi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniua. Jumapili tarehe 22 niliingia jikoni nikamkuta mama mkwe amempakata mtoto, anachota maziwa kwa kijiko, anaonja kidogo kwa ulimi, halafu kijiko kilekile kinakwenda mdomoni kwa mtoto.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naona kama yamepoa, mwanangu. Yasimuunguze."

"Kwa ulimi wako? Kijiko hichohicho?"

Akacheka, hakujua kwamba nimekasirika. "Ulimi huu umelea wanane, wewe."

Nami nikamjibu, na nilijua ninachosema, mshauri, halikuniponyoka, nilikuwa nalo mdomoni nikalichagua: "Na kati ya hao wanane, wawili wako wapi?"

Alikiweka kijiko mezani taratibu, akamfuta mtoto mdomo kwa upindo wa nguo yake, kisha akaniangalia kama mtu anayeomba ruhusa akanipa mtoto. Mume wangu aliporudi nilimfungulia daftari, kurasa za mbele, nikamwonyesha: siku fulani mtoto ameshinda na bibi, jioni ameharisha, siku nyingine hivyohivyo. Ni kweli yote. Mume wangu alisoma, mwisho akasema, "Wewe una tarehe, mama ana maneno tu." Jumanne tarehe 24 alimwambia mama yake aende kwa binti yake akapumzike kidogo. Mama mkwe alifunga mzigo wake bila kuuliza atapumzika hadi lini. Mlangoni alimuaga mtoto kwa mbali, akiwa ameficha mikono mgongoni.

Tarehe 26 tulikwenda kliniki. Kilo sita na gramu mia moja. Muuguzi aliuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa, "Amepewa dawa yoyote nyumbani?" Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu. Nikasema hapana. Mume wangu akaongeza habari ya kijiko cha bibi, muuguzi akaandika, akatupa pakiti za maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, akasema mtoto anyonye sana na tusipoona nafuu turudi. Hakukuwa na nafuu, nami tarehe 30 nikampa antibiotiki mara ya tatu. Mdomoni kukatokea utando mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda, ila haufutiki, na makalio yakawa mekundu kama yameungua. Jana, tarehe 7, tulirudi. Kilo tano na gramu mia nane. Daktari ametuandikia twende hospitali kubwa Jumatatu tarehe 14 kwa vipimo. Kwenye karatasi nimesoma kwamba chanzo hakijulikani.

Mimi nakijua, au nadhani nakijua, tangu Jumamosi. Nilikipeleka kijiko cha mama mkwe kazini, nikiwa nimekifunga kwenye mfuko, nikamwomba Bwana Pamba akipime nipate ushahidi. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama Kibonge, kijiko chochote kitaota kitu. Hata ulimi wako wewe. Hata titi lako."

"Titi langu nalisafisha."

"Kwa nini sasa?" Nikamweleza, si yote, akaacha kucheka. "Kwa dawa ya meza? Dada, unajua mwanao ana vijidudu tumboni? Wengi, na wanatakiwa wawemo. Wale ndio wafanyakazi, wanasaidia kuyachakata maziwa, wanawazuia wabaya wasipate nafasi. Sasa ukifukuza zamu nzima, kiwanda atakiendesha nani?" Kisha akaniuliza polepole, "Hujampa na antibiotiki juu yake, sivyo?"

Nikasema simu inaita, nikatoka. Haikuwa ikiita.

Antibiotiki nimeiacha tangu siku hiyo. Kupangusa sijaweza, nimepunguza tu, maana nikitaka kumnyonyesha bila kupangusa mkono unarudi wenyewe kwenye kitambaa, naona vile vidoa vya kwenye kisahani vikitembea. Wifi yangu amempigia simu mume wangu, anasema mama yao hataki kumshika mtoto yeyote pale kwake, ananawa mikono hadi imepasuka, na akipikiwa anakula peke yake kwa sahani yake ya kando. Mume wangu aliponiambia hivyo aliongeza, "Angalau amekubali kosa." Nikaendelea kukunja nepi.

Nikisema ukweli, mume wangu atajua kwamba nilimfukuzisha mama yake nikiwa na chupa ya dawa chini ya nguo zangu, kazini watajua nimeiba, na daktari atajua kwamba mwenye mtoto ndiye aliyemharibu mtoto. Nisiposema, watampima na kumpima bila kujua wanatafuta nini. Nimefikiria kuzichoma zile kurasa za nyuma. Nimefikiria pia kwamba mtoto huyu angekuwa salama kwa mama yeyote yule isipokuwa mimi, na kwamba ingekuwa nafuu kwao wote kama nisingekuwepo. Zamani nilikuwa nikifungua daftari napata utulivu. Sasa kila mstari ni kidole kinanielekea. Tafadhali nijibu haraka. Nifanye nini?

Mama Kibonge,
8 Juli

JIBU

Mama Kibonge, barua yako haikusubiri zamu. Ilinifikia asubuhi, nikapiga ile namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, mara nne, haipatikani. Ndiyo maana nakujibu hapa, mbele ya watu, na ninaomba kila anayemjua mama mwenye habari kama hizi ampelekee ukurasa huu.

La kwanza halina mjadala. Usisubiri Jumatatu. Mtoto wa miezi minne aliyepungua karibu kilo nzima katika wiki tano, huku anaharisha na kulikataa titi, hakai nyumbani akihesabu siku za miadi. Mpeleke leo, hospitali yoyote iliyo karibu, na hiyo karatasi ya rufaa uende nayo. Ukiona macho yamezama, nepi imekaa saa nyingi bila mkojo, damu kwenye choo, anatapika kila kitu, au amelegea hata kulia hawezi, basi usingoje hata mume arudi kutoka kazini, kimbia, gonga kwa jirani, omba usafiri. Njiani endelea kumnyonyesha na kumpa yale maji ya chumvichumvi kama ulivyoelekezwa.

La pili, muuguzi alikuuliza swali moja ambalo jibu lake ulikuwa nalo kwa tarehe na saa, ukamwambia hapana. Hapo ndipo nimekukasirikia, sitakuficha. Kukosea dawa ni ujinga, na ujinga sote tunao. Lakini daktari aliyefichwa dawa anatibu mtoto mwingine kabisa, si huyu wako. Utando ule wa mdomoni na yale makalio mekundu, yeye anaweza kuyaelewa kwa dakika moja akijua kuna antibiotiki mara tatu nyuma yake, na asipojua atazunguka mbali. Lichukue daftari, kurasa za nyuma. Zichukue chupa zote mbili za antibiotiki, hata kama ni tupu, na jina la ile dawa ya meza. Viweke mezani kwa daktari. Ukishindwa kusema, fungua ukurasa umpe asome. Na kama ulikuwa umeshika kiberiti, kirudishe jikoni.

Yule Bwana Pamba amekueleza vizuri kuliko mabango mengi. Mtoto anapozaliwa anaanza kupokea vijidudu vyema kutoka kwa mama yake, katika kuzaliwa kwenyewe, kwenye ngozi, kwenye maziwa. Vinakaa tumboni mwake kwa manufaa yake. Antibiotiki ikiandikwa na daktari kwa ugonjwa inaoufaa huokoa maisha, na sitaki msomaji yeyote aamke kesho amwachishe mwanawe dozi kwa sababu ya barua hii. Ikitolewa kiholela, kwa kijiko cha kukadiria, inaua vyema pamoja na vibaya, na tumbo changa linavurugika. Kuhusu dawa ya meza ya nyama kwenye chuchu ya mama anayenyonyesha, mama, sina neno la adabu. Titi halihitaji dawa. Oga kwa maji na sabuni kama kawaida, nawa mikono ukitoka kazini, badili nguo za kazi, basi. Chupa hiyo itoke ndani ya nyumba leo, aitoe mumeo, si wewe, kwa sababu umekiri mwenyewe kwamba mkono haukusikii. Wala usikimbilie kumnunulia unga au matone ya kurudisha vijidudu, utakayoshauriwa dukani. Umeshakuwa daktari vya kutosha.

Utaniuliza kama atapona. Sijamwona, sijamshika, sijui kama ni dawa peke yake au kuna ugonjwa mwingine chini yake, na mtu anayekuambia anajua kwa kusoma barua anakudanganya. Watoto wengi tumbo likivurugika namna hii hurudi wakipata matibabu mapema. Wewe hukuwahi mapema. Bado hujachelewa kabisa, na tofauti ya hayo mawili iko mikononi mwako leo.

Sentensi yako ile, kwamba ingekuwa nafuu usingekuwepo, nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Mwonyeshe daktari huyohuyo. Msomee kama ilivyo, usiipunguze. Mama mwenye mtoto mchanga anayeona vidoa vikitembea, asiyeweza kuacha kupangusa, naye ni mgonjwa, na kuna matibabu yake. Mpaka mtakapomwona daktari usikae peke yako. Mwite yule fundi cherehani akae nawe, mwambie kwa nini. Mtoto anayekosa uzito hana haja ya mama mwingine, anamtafuta huyuhuyu kwa pua yake.

Sasa mumeo. Atakasirika, na ana haki. Mwambie kabla hamjaingia kwa daktari, si baada, ili asije akayasikia kwa mgeni. Mwambie kwa maneno machache: nilimpa dawa, nikakuficha, nikakuonyesha kurasa nilizozitaka. Kazini utakwenda mwenyewe kusema umechukua nini, na wakikuadhibu utaadhibiwa, haitakuua.

Nimebakiwa na mama mkwe. Kuonja kwa kijiko cha mtoto si tabia nzuri, tone moja juu ya kifundo cha mkono lingemwambia kama yamepoa, na angefundishwa hilo angeelewa. Lakini wewe hukumfundisha. Ulifukua makaburi ya watoto wake wawili ukamwekea mezani, na kwa wiki mbili sasa amekaa kwa bintiye akiamini kwamba wa tatu yuko njiani kuwafuata kwa sababu yake. Kila siku unayonyamaza unaendelea kumfanyia jambo lilelile.

Mkishaandikishwa hospitali mtasubiri, maana hospitali ni kusubiri. Hapo kwenye benchi, mtoto akiwa kifuani, chukua simu umpigie. Wewe, si mume wako. Usizungushe salamu. Mwambie ulimpa mtoto dawa ukaficha, na kwamba lile neno la jikoni ulilichagua na lilikuwa baya. Usimwombe akusamehe siku hiyo, ni mzigo mwingine huo. Huenda asijibu kitu. Usikate. Kaa naye hivyohivyo kwenye simu, mpaka akate mwenyewe.